Kadi ya Toleo la Nne

4 Machi

Kwa Mkutubi, Dirisha la Wanafunzi wa Mbali

Shikamoo, na pole na kazi.

Mimi ni karani wa forodha hapa mpakani, na mwaka wa nne sasa nasoma uhusiano wa kimataifa kwa njia ya posta. Ofisini wananiita Profesa, si kwa heshima. Tasnifu yangu inahusu mkataba wa kugawana maji ya mto unaopita kati ya nchi hizi mbili, na nimeshaiwasilisha. Nilidhani nimevuka, kumbe ndiyo kwanza nimefika katikati.

Mtahini wangu ni yule Daktari wa ghorofa ya pili, mwenye kalamu nyekundu. Ameniandikia kwamba kabla ya kunihoji anataka kuona kwa macho yake kopi za vyanzo vitano nilivyovitegemea zaidi. Vinne ninavyo. Cha tano ni hiki: "Mto Mmoja, Majirani Wawili", jarida la Ujirani na Mipaka, juzuu ya saba, toleo la nne, ukurasa wa 41 hadi 58.

Niliisoma hapo maktabani mwaka juzi, lakini kopi yangu ilipotea tulipohama nyumba. Naomba unitolee nyingine. Kikao ni tarehe 15 Aprili. Daktari amesema chanzo kisichoonekana atakihesabu kuwa kimebuniwa, na aliyebuni chanzo haendi kwenye mahafali, anakwenda kwenye kamati ya nidhamu na kutoka huko anakwenda nyumbani. Miaka minne nimesoma kwenye kibanda cha mizani, kati ya lori na lori. Naogopa, sitaki kukuficha.

Wenzangu wameniambia anayejibu barua za dirisha hilo ni mama mmoja anayeitwa Mama Kadi, na kwamba hakuna karatasi iliyowahi kumpotea. Nimeshika hapo.

Wako mtiifu,
Karani wa Forodha


11 Machi

Ndugu Mwanafunzi,

Marahaba. Fomu yako umeijaza vizuri isipokuwa pale panapotakiwa sahihi ya mwajiri. Umetia yako mwenyewe. Nimefumba jicho moja.

Makala uliyoomba haipo rafuni. Wakati tunaendelea na jambo hilo, usikae bure. Nimekufungia humu mkataba wenyewe, pamoja na viambatisho vyake ambavyo hakuna anayevisoma, kumbukumbu za mikutano ya tume ya pamoja ya mto, na makala nne zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa. Hizo nimezitoa kwenye hazina za mtandaoni ambazo chuo kimejiunga nazo. Ukipata mtandao ukatafuta mwenyewe, usiandike "maji" peke yake, utaletewa mpaka mabomba ya bafuni. Unganisha mto, mpaka na mkataba. Tazama mwaka. Tazama mwandishi anamfanyia nani kazi. Kisha shuka kwenye tanbihi zake, umfuate yule aliyemfuata, na yule aliyemfuata huyo, mpaka umfikie mtu wa kwanza aliyekiona kitu chenyewe kwa macho. Hapo ndipo pa kusimama.

Nina swali dogo, la kunisaidia kutafuta tu. Uliposoma makala hiyo hapa kwetu, jalada la jarida lilikuwa la rangi gani? Na ulikaa meza ipi?

Mkutubi,
Dirisha la Wanafunzi wa Mbali


19 Machi

Mama,

Bahasha imefika, nene kama mkate. Ahsante sana.

Jalada lilikuwa la kijani, kijani kilichopauka. Nilikaa meza ya karibu na dirisha, ile inayoyumba. Nilikunja karatasi nikaiweka chini ya mguu wake ili niandike vizuri. Nakumbuka kama jana.

Tena makala hii si yangu peke yangu. Nimeikuta kwenye tasnifu sita za waliotutangulia, na wote wananukuu sentensi ileile ya ukurasa wa 47: "Mto haugombanishi majirani, wanaogombana ni wale walioupima kwa rula bila kunywa maji yake." Sura yangu ya tatu yote imesimama juu ya sentensi hiyo. Nikiitoa, paa linashuka na mimi nimo ndani.

Mke wangu ameona kwamba siku hizi nasoma barua moja mara tatu. Juzi nilipiga muhuri wa kutoka kwenye hati za lori linaloingia. Dereva alicheka, mkuu wangu hakucheka. Binti yangu wa darasa la sita ameshawatangazia wenzake kwamba baba atavaa joho, na mwalimu wake ameniuliza ni lini. Nimemwambia hivi karibuni. Mama, kama makala iko kwenye sanduku lolote, hata la vitabu vilivyoliwa na mchwa, naomba ulifungue.

Karani


26 Machi

Ndugu Mwanafunzi,

Meza inayoyumba ipo, hilo kweli.

Jalada la jarida hilo halikuwahi kuwa la kijani, tangu toleo la kwanza hadi la mwisho.

Toleo la nne la juzuu ya saba hatunalo. Nimeziandikia maktaba tatu za vyuo vingine kuuliza kama wanalo. Majibu huchukua muda, kwa hiyo subiri. Nakushauri pia, kama kuna njia yoyote, uiondoe sentensi hiyo kwenye tasnifu yako. Kitu kuwa kizuri masikioni si ushahidi.

Samahani kwa kuchelewa, barua hii nimeiandika mara tatu.

Mkutubi


3 Aprili

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Sikuisoma makala ile. Nimekudanganya mara mbili, na mara ya pili kwa madoido. Maktabani nilifika mara moja tu, kwa saa nne, basi likinisubiri. Meza inayoyumba ni kweli nilikaa. Lakini sentensi, kurasa, juzuu, vyote niliviokota kwenye tasnifu ya mtu mwingine, naye nadhani aliviokota kwa mwingine. Nilijiambia kwamba kitu kilichonukuliwa na watu sita hakiwezi kukosa mwenyewe.

Sasa Daktari ameandika tena. Anasema ametafuta toleo hilo kila anapojua akalikosa, na kwamba niende na kopi au niende na maelezo. Maelezo gani? Nikisema nilinakili kwa wengine, nimekiri uvivu. Nikisema niliisoma, nimekuwa mwongo mbele ya kamati, na baada ya uliyoniandikia sina uso wa kurudia uongo huo.

Kwa hiyo nimeshaandika barua. Nimesema makala nimeibuni mimi na kwamba najiondoa chuoni. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Iko mfukoni mwa koti, ina stempu, na tarehe tisa naipeleka posta. Mke wangu bado hajui. Nimemwambia kikao kimeahirishwa, nao ni uongo wa tatu, naona nimekuwa fundi.

Usihangaike tena na zile maktaba tatu. Nisamehe kwa kukupotezea muda.

Karani


7 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi la mpakani mkononi, maana posta ingekuja kukuta umeshajizika. Usiitume ile ya mfukoni. Soma hii kwanza mpaka mwisho, ukiwa umekaa.

Maktaba tatu sikuziandikia. Sikuandikia hata moja. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba makala ile haipo popote duniani. Nilikuwa navuta siku, na siku zenyewe zilikuwa zako.

Nikueleze. Zamani, kabla ya kompyuta, kazi yangu ilikuwa kusoma kila jarida linaloingia na kuandikia kila makala kadi yake: mwandishi, kichwa, juzuu, na mstari mmoja wa muhtasari. Ndiyo maana ya hili jina langu. Mwaka mmoja mkaguzi alikuwa anakuja, na mkuu wetu alitaka droo ya uhusiano wa kimataifa ionekane imejaa. Toleo la tatu la Ujirani na Mipaka lilikuwa na tangazo kwenye ukurasa wa mwisho: katika toleo lijalo, makala hii, ya mwandishi huyu. Kichwa na jina, basi. Nikaitengenezea kadi mapema, kwa penseli, nikitegemea kuifuta na kuandika vizuri jarida likifika. Mstari wa muhtasari haukuruhusiwa kubaki wazi. Nikaujaza kutoka kichwani mwangu.

Jarida halikufika. Lilikufa kabla toleo la nne halijachapwa. Kadi ikabaki. Baadaye wakaja vijana wa mafunzo kuingiza kadi zote kwenye kompyuta, na kompyuta haijui penseli wala wino.

Kwa hiyo sentensi ile haikuandikwa na msomi yeyote. Niliiandika mimi.

Kila mwaka tasnifu mpya hupita mikononi mwangu kupewa namba. Siku niliyoiona sentensi yangu kwa mara ya kwanza, imefungwa ndani ya alama za kunukuu na jina la mtu mwenye shahada tatu pembeni yake, nilipaswa kupiga kelele. Nilifunga mlango nikaisoma mara mbili. Mimi nimeishia kidato cha nne, mwanangu. Nilifurahi, na aibu ya furaha hiyo ninayo mpaka leo. Mara ya pili niliogopa. Mara ya tatu nilinyamaza, na mtu akishanyamaza mara tatu, kusema kunakuwa kugumu. Nimezihesabu. Ni tasnifu ishirini na tatu. Yako ndiyo ya ishirini na tatu.

Na jambo moja zaidi. Kadi yangu haina kurasa, mahali pake pako wazi. Kurasa 41 hadi 58 zilizaliwa kwenye tasnifu ya kwanza kabisa kuinukuu makala hii. Mwenyewe simtaji. Nakuambia tu kwamba hata alipokuwa mwanafunzi alikuwa akitumia kalamu nyekundu.

Leo saa nne napanda ghorofa ya pili na kadi yenyewe na toleo la tatu lenye tangazo. Wewe kosa lako unalo: ulisema umesoma usichosoma. Hilo likiri mbele yao kwa mdomo wako. La kubuni usilibebe, lina mwenyewe.

Mkeo mwambie ukweli leo, kabla hajaambiwa na koti.

Mama Kadi


18 Aprili

Mama yangu,

Barua ya mfukoni niliichoma jikoni, mke wangu akitazama. Ilipokwisha kuungua akasema, "Sasa nipe na ile ya Mama Kadi niisome mwenyewe." Akaisoma. Akalia kidogo, kwa ajili yako, si yangu. Mimi alininunia siku mbili.

Kikao kilikuwa cha watu watatu. Kadi yako ilikuwa mezani mbele ya Daktari, ndogo, ya manjano, na mwandiko wake mzuri kuliko wa mtu yeyote ninayemjua. Nilikiri kama ulivyoniambia. Mjumbe mmoja akauliza, "Kama kadi haina kurasa, kurasa zimetoka wapi?" Nikasema nilizikuta kwa walionitangulia. Akauliza, "Wa kwanza alikuwa nani?" Nikajibu kwamba mkutubi hakumtaja. Daktari akajimiminia maji, akanywa glasi nzima, akasema ajenda ni ndefu, tuendelee.

Nimepewa onyo la maandishi, na hadi mwisho wa Julai niandike upya sura ya tatu. Sikufukuzwa. Nilitoka nje.

Halafu nikashuka maktabani kukusalimu. Dirishani nikamkuta dada mgeni. Akaniambia umehamishiwa ghala la chini kuhakiki kadi zote moja moja hadi siku yako ya kustaafu, na kwamba hafla yako ya kuagwa imefutwa. Nikamwomba nishuke angalau nikushike mkono. Akasema ghalani wanafunzi hawaruhusiwi. Mimi nimeopolewa na wewe ndiye uliyebaki majini, na sijui niandike nini hapa.

Mwanao, Karani


27 Aprili

Mwanangu,

Usinililie, bado sijafa. Ghalani kuna feni, kuna taa nzuri, na hakuna mwanafunzi wa kuniuliza choo kiko wapi.

Sitasema haikuniuma. Keki ilikuwa imeshaagizwa, na dada wa usajili alikuwa ameshanionesha kitambaa cha sare. Lakini kinachonisumbua zaidi ni droo. Kila ninapovuta moja naogopa nitakachokikuta. Nimefika herufi H. Mpaka sasa nimekuta kadi nyingine mbili za penseli, namshukuru Mungu hakuna aliyewahi kuzinukuu. Nimeziandikia ripoti.

Sura ya tatu inaendaje? Nilikuambia tangu mwanzo umfuate mtu wa kwanza aliyekiona kitu kwa macho. Mimi niliyekuambia sikukiona, kwa hiyo usisimame kwangu. Pita, endelea mbele.

Mama Kadi


6 Julai

Mama,

Kibanda changu kiko hatua mia tatu kutoka mtoni. Miaka kumi na moja napiga mihuri huku nikisikia ndoo zinagongana, na sikuwahi kushuka kuuliza mtu jambo lolote. Baada ya barua yako nilishuka. Nimehoji watu thelathini na mmoja, wa upande huu na wa ng'ambo, kwa daftari na kwa ruhusa ya maandishi kama msimamizi wangu wa tasnifu alivyotaka.

Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja wa makamo, ana madumu manne. Nikamuuliza kama ni kweli kwamba mto haugombanishi majirani.

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

Alicheka mpaka dumu moja likamwagika. "Baba, kiangazi kikija wa ng'ambo wanaziba mfereji, sisi tunazibua. Sisi tunaziba, wao wanazibua. Kaka yangu alivunjwa mkono pale penye jiwe. Hatugombani! Kaa hapa mpaka mwezi wa tisa, utatuona tusivyogombana."

Wengi walisema hivyohivyo. Nikarudi kwenye bahasha yako ya Machi, kwenye vile viambatisho ambavyo ulisema hakuna anayevisoma. Nami sikuwa nimevisoma. Malalamiko ya ugomvi wa maji kati ya majirani yamo, mwaka kwa mwaka, kurasa sita. Yalikuwa mezani kwangu muda wote nilipokuwa nikikulilia unitafutie kopi.

Sasa nasema neno hili kwa woga. Sentensi yako ndiyo nzuri kuliko zote katika tasnifu yangu, na si kweli. Ndivyo nilivyoandika katika sura ya tatu. Nimeinukuu, nimeipinga kwa maneno ya wateka maji na kwa kumbukumbu za tume, na kwenye tanbihi nimesema ilitoka kwenye kadi ya faharasa iliyoandikwa kwa penseli na mkutubi wa chuo, naye ndiye aliyeileta mwenyewe mbele ya kamati. Napeleka wiki ijayo. Ulipoteza kiti chako kwa ajili yangu, na mimi hivi ndivyo ninavyokulipa. Kama itakuumiza, niambie upesi nami nitaiondoa.

Mwanao, Karani


29 Julai

Mwanangu,

Sikukujibu upesi kwa sababu sikutaka uiondoe.

Kuna jambo nililokuficha hata siku ile ya kukiri. Mimi nilizaliwa kwenye mto huo, ng'ambo ya kibanda chako. Jiwe alilokutajia yule mama nalijua, tulikuwa tukianikia nguo juu yake. Nilikuwa na miaka saba tulipohama. Mama alituambia watoto kwamba tunafuata shule. Nilikuwa mkubwa ndipo nikaambiwa kwamba baba alimpiga jirani yetu kwa koleo pale kwenye mfereji, na jirani hakuinuka tena. Mtoto wa jirani huyo ndiye niliyekuwa nikicheza naye.

Mkaguzi alikuwa njiani, mstari uko wazi, na penseli iko mkononi. Nikaandika nilichotamani kiwe kweli. Tangu hapo watu ishirini na wawili walinihakikishia kwamba ndivyo. Wewe ndiye wa kwanza kwenda kuangalia.

Iliniuma, ndiyo. Nililia pale kwenye herufi M, hakuna aliyeniona. Lakini pia nililala vizuri, jambo ambalo sijui nililifanya lini mara ya mwisho.

Leo ni siku yangu ya mwisho kazini. Hapakuwa na hafla. Dada wa dirishani aliniletea soda na akashinda nami ghalani. Asubuhi wameleta tasnifu yako ili ipewe namba. Daktari ameitia sahihi kwa kalamu nyeusi. Mwambie binti yako baba atavaa joho.

Kadi za mkono haziandikwi tena siku hizi, lakini yako nimeiandika, kwa wino: jina lako, kichwa, mwaka, idadi ya kurasa nilizozihesabu mwenyewe. Mstari wa muhtasari nimeuacha wazi. Nimeazima tasnifu kwa wiki mbili kama msomaji wa kawaida, nimejaza na fomu. Nikishaisoma nitarudi kuujaza.

Mama Kadi